Ndiyo na Hapana Zifanane: Maoni Yangu Kuhusu Kuwauliza Vijana Maswali ya Siri

Leo naweka kando habari za simu mpya na programu mpya. Nataka tuongee kuhusu fomu. Ndiyo, fomu! Zile fomu za utafiti ambazo wakazi wa Kibera na Kawangware wamehojiwa nazo mpaka wamezizoea. Mtu anabisha hodi akiwa na beji shingoni na tableti mkononi, anaomba dakika arobaini na tano, anauliza maswali, anashukuru, anaondoka. Watunzi wa programu wengi hapa Nairobi tumepata riziki kwa kutengeneza fomu hizi, lakini ni nadra kuona mmoja wetu akiandika kuzihusu.

Swali langu ni hili. Unamuulizaje kijana wa miaka 15 kama amewahi kufanya ngono, kama ametumia dawa za kulevya, kama amewahi kuavya mimba, au kama kuna mtu mzima aliyemlazimisha, kisha upate jibu la kweli bila kumwachia madhara?

Wengi hujibu haraka: teknolojia! Mpe tableti, ajijazie mwenyewe, mambo yaishe. Mimi natengeneza vitu hivyo, na nasema hiyo ni nusu ya jibu. Kijana husema ukweli anapoona kwamba mtu anayemtazama kutoka nje hawezi kumtofautisha aliyesema ndiyo na aliyesema hapana. Tukilishika hilo, mengi tunayoyafanya leo tutalazimika kuyabadilisha.

Tatizo lina ukubwa gani?

Kuna anayeweza kuuliza, kwani vijana hudanganya sana? Hebu twende Mwanza, Tanzania. Mwaka 1998, katika mradi uliojulikana kama MEMA kwa Vijana, vijana 9,280 wa vijijini waliulizwa maswali ana kwa ana na pia kufanyiwa vipimo vya mwili. Kati yao, 6,079 walijaza pia hojaji wao wenyewe kwa kusaidiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 na hadi leo yananishangaza. Miongoni mwa waliosema wamewahi kufanya ngono, asilimia 38 ya wavulana na asilimia 59 ya wasichana walisema hivyo katika hojaji moja tu kati ya zile mbili. Hojaji moja ilipata ndiyo, nyingine ikapata hapana, na ni mtu yule yule!

Kuna zaidi. Miongoni mwa wale ambao vipimo vilionyesha wazi kwamba wamefanya ngono, ni asilimia 58 ya wavulana na asilimia 29 ya wasichana tu waliokiri katika hojaji zote mbili. Yaani kwa wasichana, zaidi ya wawili kati ya kila watatu walikana angalau mara moja jambo ambalo mwili wao ulikuwa umeshalishuhudia.

Msidhani ni mambo ya vijijini pekee. Mwaka 2009 watafiti wa kituo cha APHRC hapa Nairobi walichapisha makala nzima kuhusu majibu yasiyolingana ya vijana wa jiji hili juu ya ngono. Ni tatizo letu pia.

Sikubaliani na wanaosema kwamba hawa vijana ni waongo. Msichana anayekana mbele ya mgeni ambaye mama yake amemkaribisha chai hasemi uongo kwa ubaya, anajilinda. Amepima hatari, akaona kwamba faida ya kusema ukweli ni ya mtafiti na gharama ni yake. Hesabu yake ni sahihi kabisa! Kazi yetu ni kuibadilisha hiyo hesabu.

Na takwimu mbovu zina gharama. Kibera tunalijua hili vizuri. Kwa miaka mingi dunia ilirudia kwamba Kibera ina watu milioni moja, kisha sensa ya 2009 ikahesabu watu 170,070. Hata wanaoipinga sensa hiyo watakubali kwamba ile milioni ilirudiwa sana kuliko ilivyopimwa. Kama idadi ya watu, ambayo si siri ya mtu yeyote, inaweza kukosewa hivyo, je, idadi ya wasichana waliobakwa? Idadi ya wavulana wanaojidunga sindano? Takwimu hizo ndizo zinazoamua kama kliniki ya vijana itafunguliwa au itafungwa.

Sauti masikioni

Njia iliyosifiwa sana ni ile ambayo watafiti huiita ACASI kwa kifupi. Mimi nitaiita mahojiano ya masikioni. Kijana anavaa hedifoni, kompyuta inamsomea swali kwa sauti iliyorekodiwa, naye anabonyeza jibu. Mhojaji hasikii swali wala haoni jibu. Asiyejua kusoma vizuri naye anaweza kushiriki.

Sifa zake zilivuma mwaka 1998, jarida la Science lilipochapisha jaribio la Marekani lililofanywa katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1995. Wavulana 1,690 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walitumia kompyuta yenye sauti, wengine walijaza karatasi. Kwa mambo kama ngono kati ya wanaume na kujidunga dawa za kulevya, kompyuta ilipata viwango mara tatu au zaidi ya karatasi. Kumbukeni kwamba karatasi hizo nazo walijijazia wenyewe. Hakukuwa na mhojaji wa kuwaaibisha.

Basi watu wakadhani tatizo limeisha. Jaribio kama hilo lilifanywa hapa Kenya na watafiti wa Population Council, Barbara Mensch, Paul Hewett na Annabel Erulkar, na kuchapishwa mwaka 2003 katika jarida la Demography. Waliwahoji vijana ambao hawajaoa wala kuolewa. Walikuta tofauti kubwa kati ya njia moja na nyingine, lakini pia kati ya wilaya moja na nyingine. Kompyuta ile ile, maswali yale yale, mahali tofauti, matokeo tofauti.

Hilo lilipaswa kutufundisha kitu. Mahali ni sehemu ya mtambo. Ukiandika programu bila kukijua chumba itakamotumika, umeandika nusu ya programu.

Wala si lazima kuwe na kompyuta. Shirika la Afya Duniani lilipofanya uchunguzi wake wa nchi nyingi kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2005 na uliohusisha pia Dar es Salaam na Mbeya, mwanamke alipewa mwishoni kadi yenye picha mbili: uso unaotabasamu na uso unaolia. Kama aliguswa kingono bila kutaka kabla ya kufika miaka 15, aliweka alama kwenye uso unaolia, akaitia kadi kwenye bahasha, akaifunga. Karibu kila mahali bahasha ilileta "ndiyo" nyingi kuliko swali la mdomo. Kalamu, kadi na bahasha tu! Kilichofanya kazi ni kwamba bahasha ya aliyesema ndiyo na ya aliyesema hapana zilifanana.

Chumba cha futi kumi kwa kumi

Sasa turudi nyumbani. Nyumba ya kawaida ya Kibera, iwe Laini Saba, Gatwekera au Soweto, ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Kuta ni za udongo au mabati, na ukikohoa jirani anakuuliza kama umemeza dawa. Kitanda kiko nyuma ya pazia, jiko liko mlangoni, na watoto wanaingia na kutoka. Kawangware, upande wa Gatina au Kongo, utakuta ploti zenye vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, milango ikitazamana, bomba moja na choo kimoja cha wote. Kila anayeingia ploti anaonekana na kila anayetoka anaonekana.

Katika mazingira haya, kanuni ya "mhoji mshiriki mahali pa faragha" inabaki karatasini. Ukimwambia mama atoke nje ya chumba chake mwenyewe ili umhoji binti yake, tayari umeshamwambia kwamba kuna siri. Jioni binti ataulizwa: "Mlikuwa mnaongea nini na yule mgeni?"

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza halina hata mstari mmoja wa kodi: msiwahoji vijana nyumbani kwao. Tafuteni ukumbi wa kanisa, chumba cha maktaba, darasa la shule siku ya Jumamosi. Waje vijana ishirini kwa pamoja, wakae mbalimbali, kila mmoja na hedifoni zake, waanze pamoja na wamalize pamoja. Katika kundi la ishirini hakuna anayeonekana.

Pendekezo la pili linahusu wahojaji. Mashirika hupenda kuajiri vijana wa mtaa huo huo, na sababu ni nzuri: wanazijua njia, wanaijua lugha, na ajira inabaki mtaani. Lakini kijana wa Kianda anayemhoji msichana wa Kianda anamjua mama yake, na huenda wanakutana kila Jumapili. Nani atamwambia mtu kama huyo kwamba ana ugonjwa wa zinaa? Suluhisho langu ni jepesi. Vijana wa Kibera wakafanye kazi Kawangware na wa Kawangware waje Kibera. Wote wanayajua maisha ya mabanda, wote wanaongea Sheng, hakuna wa kuogopa matope, na hakuna anayemjua mama wa mtu. Nauli ya matatu kati ya mitaa hii si ya kuvunja bajeti ya utafiti wowote.

Lugha nayo ni sehemu ya faragha

Nimeona fomu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili cha mtihani. "Je, umewahi kushiriki tendo la kujamiiana?" Kijana wa Kawangware anasikia swali hilo kwa sauti ya mwalimu wa nidhamu, naye anatoa jibu la mwalimu wa nidhamu.

Rekodi maswali kwa sauti ya vijana wenyewe, kwa lugha wanayoongea. Wape nafasi ya kuchagua sauti ya kike au ya kiume. Jaribu kila sentensi mtaani kabla ya kuitumia, kwa sababu Sheng ya mtaa mmoja si lazima iwe ya mtaa mwingine, na neno la mwaka juzi leo ni la kuchekesha.

Tena msitegemee swali moja la jumla. Msichana aliyelazimishwa na mjomba wake huenda kwa dhati kabisa akajibu "hapana" ukimuuliza kama amewahi kufanya mapenzi. Kwake hayo hayakuwa mapenzi. Uliza kuhusu watu mmoja mmoja: mpenzi, rafiki, jamaa, mwalimu, mtu asiyemjua. Katika programu ni kazi ya dakika kumi kuongeza maswali hayo. Katika takwimu inaweza kuwa tofauti kati ya mtoto anayehesabiwa na mtoto anayepotea.

Mambo yanayovuja bila mtu kusema neno

Hapa sasa naongea na watunzi wa programu wenzangu. Tumefundishwa kwamba usalama ni nywila na usimbaji. Lakini tuseme umefanya yote hayo, data imefungwa kabisa, hakuna wa kuisoma. Bado "ndiyo" inaweza kuvuja. Kwa njia gani?

1. Muda. Fomu nyingi zina maswali ya kuruka. Ukisema hujawahi, unarushwa mbele maswali ishirini. Matokeo yake, kijana aliyesema hapana anamaliza kwa dakika nane na aliyesema ndiyo anamaliza kwa dakika ishirini na tano. Rafiki anayengoja mlangoni hahitaji kudukua seva yako, anahitaji saa tu. Dawa yake ni kumpa aliyesema hapana maswali mengine ya kawaida, ya shule, chakula, michezo na usingizi, mpaka urefu ulingane.

2. Mahali pa vitufe. Kama "ndiyo" iko kushoto daima na "hapana" kulia, mkono unaonekana kutoka mbali. Changanya vitufe, au tumia rangi na maumbo yanayobadilika kila swali, na sauti imwelekeze kijana kipi ni kipi.

3. Kurudi nyuma. Kama mtu anaweza kurudisha kurasa, anayepokea tableti anaweza kuona majibu. Ukurasa ukishapita ufungwe.

4. Sura ya kijana mwenyewe. Usimalizie fomu na swali zito kuliko yote. Weka maswali mepesi mwishoni ili apate dakika chache za kupumua kabla ya kurudisha tableti.

5. Kadi ya msaada. Ukiwapa kadi yenye nambari ya simu ya msaada wale tu waliosema wamebakwa, umewatia alama mbele ya watu. Kila mmoja apewe kadi ile ile.

Mnaona? Mambo yote matano ni kitu kimoja: kwa anayetazama kutoka nje, ndiyo na hapana zifanane.

Simu nazo zina yake. Mwaka 2020, corona ilipofunga milango, tafiti nyingi zilihamia kwenye simu, na Kibera ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyopigiwa. Simu ni nzuri, lakini katika chumba kimoja spika ya simu ya bei nafuu inasikika mpaka kitandani. Na ukituma swali kwa ujumbe mfupi, ujumbe unabaki kwenye simu ambayo ni ya kaka leo na ya mama kesho. Kama ni lazima kupiga, basi jibu la kijana liwe nambari tupu: moja, mbili, tatu. Na maana ya nambari ibadilike swali kwa swali. Anayesikiliza upande wa chumba atasikia "mbili, moja, mbili", atadhani ni namba ya siri ya M-Pesa.

Data inayojikusanya yenyewe

Wengi wetu tunatumia ODK, au mifumo iliyojengwa juu yake. ODK ilianzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, chini ya marehemu Gaetano Borriello na wanafunzi wake Yaw Anokwa na Carl Hartung, na imeisaidia Afrika sana. Ni programu huria, inafanya kazi bila mtandao, inacheza sauti, na inaweza kusimba fomu kwa ufunguo wa umma ili ikishakamilika hata mwenye simu asiweze kuifungua. Naipenda na ninaitumia.

Lakini angalieni inachoweza kuandika ukiruhusu: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, utambulisho wa kifaa, nambari ya simu, mahali ulipo kwa GPS, hata sekunde ulizotumia kwenye kila swali. Wasimamizi wa utafiti huvipenda hivi kwa sababu vinawakamata wahojaji wanaojaza fomu bandia chini ya mti. Naelewa. Kwa utafiti wa bei ya unga, washa vyote! Kwa utafiti wa ngono za watoto wa Kibera ni hatari.

Fikirieni. Unafuta jina, unabaki na "msichana, miaka 15, kijiji cha Lindi, ana mtoto mmoja, hayuko shuleni, anaishi na bibi yake", na nukta ya GPS juu yake. Ni wangapi wa namna hiyo? Jirani yeyote atakutajia jina kabla hujamaliza sentensi. Na tangu Map Kibera waanze kazi mwaka 2009, njia na vichochoro vya mtaa huo viko wazi kwenye OpenStreetMap. Ni kazi nzuri sana, ila inamaanisha nukta yako haielei hewani, inaangukia kwenye mlango wa mtu.

Nimewahi kuombwa na mteja mmoja, simtaji, niongeze sehemu ya nambari ya cheti cha kuzaliwa kwenye hojaji ya aina hii "ili tusije tukaihitaji baadaye". Hoja ya "tusije tukaihitaji" ndiyo adui mkubwa wa faragha. Data ambayo hukuikusanya haiibiwi, haipotei kwenye matatu, na haiwezi kudaiwa na mtu mwenye cheo.

Na wenye vyeo huidai! Februari 2015 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza maafisa wa serikali wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi, pamoja na walezi wao na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Nia iliyotajwa ilikuwa kupanga huduma. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka katiba, kwa namna lilivyotaka majina yaunganishwe na hali ya afya. Waliokuwa wakiniona mwoga wa bure kuhusu hifadhidata wasome uamuzi huo.

Kisha kuna sheria ya jinai. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, mtu wa chini ya miaka 18 hawezi kuridhia ngono. Mvulana wa miaka 17 anayejibu "ndiyo, na mpenzi wangu wa miaka 16" anakiri kosa ndani ya kifaa chako. Umemweleza hilo? Una haki ya kulihifadhi jibu lake pamoja na nukta ya GPS? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti na inaweka masharti ya ziada kwa data za watoto, ikiwemo ridhaa ya mzazi. Ni sheria nzuri, ila ina mtego wake: ridhaa inampa mzazi haki ya kujua utafiti unahusu nini. Ndiyo maana tafiti za ukatili hutambulishwa mtaani kwa jina pana, kama vile utafiti wa afya na maisha, na kila nyumba hutoa mshiriki mmoja tu.

Je, tutupe sarafu?

Najua mnapenda hesabu, kwa hiyo hii ni yenu. Mwaka 1965 Stanley Warner alipendekeza njia ya kuuliza swali la siri ambapo hata mtafiti hajui jibu la mtu mmoja mmoja. Toleo moja lililo rahisi ni hili. Kijana anatupa sarafu mahali usipoona. Ikiangukia kichwa, aseme "ndiyo" bila kujali ukweli. Ikiangukia mkia, aseme ukweli. Ukiuliza vijana 100 ukapata "ndiyo" 60, unajua takribani 50 zililazimishwa na sarafu. Zinabaki 10 kati ya vijana 50 waliosema ukweli, yaani asilimia 20. Hakuna anayeweza kumshika kijana yeyote kwa jibu lake!

Ni hesabu tamu, na ndani yake kuna kanuni ile ile ya kufananisha. Lakini siipendekezi kama njia kuu kwa vijana wadogo. Kwanza inahitaji watu wengi zaidi, maana sarafu inaongeza kelele. Pili, kumwambia msichana wa miaka 13 aseme "ndiyo" kwa jambo la aibu ambalo hajafanya ni kumwonea, na wengi watakataa. Tatu, na hili ndilo zito kwangu: kama hakuna anayejua nani alisema ndiyo, hakuna anayeweza kumsaidia.

Anayesema ndiyo anahitaji mtu

Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba miongoni mwa Wakenya wa miaka 18 hadi 24, asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume walipitia ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Ule wa mwaka 2019 ulitoa viwango vya chini zaidi, takribani asilimia 16 na 6. Vyovyote vile, ukiwakalisha vijana ishirini kwenye ukumbi wa Kawangware, ni karibu hakika mmoja wao amebeba jambo zito. Mashine ikilipokea na kusema "Asante, bonyeza mbele", tumefanya nini?

Hapa wapinzani wangu wana hoja, tena nzuri. Wanasema mashine haina macho. Wana ushahidi pia: katika utafiti ule ule wa Mwanza kulikuwa na wasichana sita wenye magonjwa ya zinaa waliohojiwa kwa kina, mazungumzo marefu na mtu aliyejenga uhusiano nao. Ni mmoja tu aliyewahi kukiri kufanya ngono katika hojaji zozote, lakini watano walikiri katika mazungumzo. Mtu aliyeaminika alishinda fomu.

Nakubali kabisa. Ndiyo maana sisemi mashine imchukulie mtu nafasi. Mashine ihesabu, mtu aelewe, na kuwe na mlango kati yao. Mlango huo ni swali la mwisho kwa kila mmoja: "Ungependa kuongea na mshauri leo?" Washauri wakae kwenye chumba cha pembeni, na kila kijana apitie chumba hicho wakati wa kutoka, hata kama ni kuchukua soda na nauli tu. Anayetaka kuongea anaongea, asiyetaka anachukua soda yake. Kwa aliye nje, wote wamepitia chumba cha soda. Na kadi ya kila mmoja iwe na 116, nambari ya bure ya Childline Kenya. Jibu la utafiti libaki bila jina, na ombi la msaada liende njia yake tofauti, kwa hiari ya kijana mwenyewe.

Ninachowaomba

Kibera na Kawangware zimeulizwa maswali mengi. Kuanzia 2015 kwa mfano, Population Council na APHRC waliwafuatilia wasichana wa miaka 11 hadi 14 wa Kibera kwa miaka kadhaa, na kazi ya namna hiyo itaendelea kwa sababu inahitajika. Mimi siipingi. Napinga uvivu wetu sisi mafundi tunaosema "sisi tunatengeneza fomu tu, maadili ni ya kamati". Kamati ya maadili inasoma karatasi ya ridhaa. Haioni kwamba fomu ya ndiyo ni ndefu mara tatu ya fomu ya hapana. Haioni sehemu ya GPS iliyowashwa kwa sababu ilikuwa imewashwa kwenye mradi uliopita. Sisi ndio tunaoiona.

Basi kabla ya kupeleka fomu yako uwanjani, fanya jaribio hili dogo. Ijaze mara mbili, mara ya kwanza kama kijana asiye na siri, mara ya pili kama kijana mwenye siri zote. Mwambie mwenzako akae hatua tatu kutoka kwako, bila kuona skrini, kisha umuulize ipi ni ipi. Akiweza kukwambia, fomu yako haijawa tayari. Rudi mezani.

Wenye mawazo tofauti karibuni tubishane, hasa mlioshika tableti hizi wenyewe kwenye vichochoro vya Kibera. Mkiwa na njia bora ya kusawazisha urefu wa fomu, tupeni kodi zenu tuzijaribu. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.